Vipindi vya kwenye simu vipewe kipande chake cha barabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na madereva wenzangu wa masafa marefu, kisha niseme na watengenezaji wa podikasti na video za Kiswahili. Sisi madereva ni wasikilizaji wao wakubwa, na sioni dalili kwamba wanatukumbuka wanapokaa mbele ya maikrofoni.

Mimi huendesha semi la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mara nyingine huvuka mpaka wa Nakonde nikaenda Ndola, Zambia, au nikapita Kasumbalesa hadi Lubumbashi, Kongo. Bandarini hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na gari likiwa limebeba mzigo kamili, hiyo si safari ya siku moja. Muda wote huo macho na mikono vina kazi, masikio yamekaa bure. Ndiyo maana simu zetu zimejaa vipindi: mawaidha, mahubiri, mijadala ya Simba na Yanga, historia, afya ya mgongo, ufugaji wa kuku, masomo ya lugha. Dereva akiona kitu kizuri kwenye kundi la WhatsApp anakipakua. Akikikuta YouTube anakiweka kwenye "Tazama baadaye", orodha inayopokea hadi video 5,000, kwa hiyo hakuna siku itakayomwambia basi inatosha. Anahifadhi kwa nia njema kabisa. Halafu anaondoka Dar akiwa na vitu vya maana mfukoni, anafika Tunduma amesikiliza miziki ileile ya mwaka juzi, kwa sababu gari likishaanza kutembea hana nafasi ya kuchagua, na kuchagua ukiwa kwenye usukani ni kutafuta kifo.

Sisi tuliokulia na Redio Tanzania Dar es Salaam tulipangiwa siku na redio. Saa mbili usiku ilikuwa taarifa ya habari, na nyumba nzima ilinyamaza. Watoto walikuwa na "Mama na Mwana" ya Deborah Mwenda, na walijua siku yake bila kukumbushwa. Hakuna aliyeketi kuamua asikilize nini, ukichelewa umekosa. Leo kipindi kinakusubiri, na mimi nasema wazi kwamba hiyo ni neema kubwa kwa mtu wa barabarani. Redio za FM hutuacha njiani: ya Morogoro inaanza kukwaruza kabla hujafika Mikumi, ya Iringa hujaipata, na katikati pale ni mlio wa upepo tu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ile ya DW, iliyoanza mwaka 1963, zote sasa zinaweka vipindi vyake mtandaoni. Nikiwa na faili simuni, nawasikiliza watangazaji hao hata bondeni ambako mtandao haupo. Ila redio ilipotuachia uhuru wa kuchagua saa, ilituachia na kazi ya kuipanga hiyo saa, na kazi hiyo wengi hatuifanyi.

Kuna watu wanashauri upange kwa saa: saa moja asubuhi habari, saa nne somo, saa kumi mazungumzo. Kwa mfanyakazi wa ofisini sawa. Kwa dereva wa lori ratiba hiyo inakufa Vigwaza kwenye mizani. Ukikuta foleni pale, saa nne yako inakukuta hujaonana na Chalinze. Mimi napanga kwa barabara. Kipindi nakipa kipande chake cha njia, na kipande hakihami hata nikichelewa. Ruaha Mbuyuni itakuwa palepale.

Kutoka bandarini hadi Chalinze siweki kitu cha kufikiria. Kuna bodaboda, kuna daladala zinazochomekea, kuna simu za ofisini kuhusu makaratasi ya mzigo. Habari za asubuhi zinatosha, na zikinipita hazinipunguzii kitu. Kazi ya kweli inaanza Chalinze kwenda Morogoro, akili ikiwa bado mpya. Hapo ndipo pa Kifaransa. Lubumbashi tunaelewana kwa Kiswahili chao sokoni na gereji, lakini makaratasi yao yameandikwa Kifaransa, na dereva asiyejua kusoma neno "poids" (uzito) au "marchandise" (bidhaa) anabaki kumtegemea kila anayejitolea kumsaidia, na msaada huo haupatikani bure. Kwa hiyo somo moja fupi la sauti, nalirudia kwa mdomo mpaka Mikese, kisha nazima. Somo hilohilo nalisikiliza tena nikiwa narudi. Nilisikia kwenye podikasti moja habari za Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejikaririsha silabi zisizo na maana na kupima anavyozisahau, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Alionyesha kwamba tunasahau sehemu kubwa mapema sana, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa muda yanashika kuliko kukariri kwa mkupuo mmoja. Sijaona mtu aliyepangiwa marudio vizuri kuliko dereva: kinachosikika kwenda kinasikika tena kurudi, siku kadhaa baadaye, kwenye barabara ileile.

Hifadhi ya Mikumi nazima kila kitu. Naomba wenzangu wanisikilize hapa kuliko popote kwenye barua hii. Barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, na mnyama hapigi honi. Swala akivuka, nyuma yake kuna wengine. Tembo akisimama kandoni, hujui anawaza nini. Wengi wanapaona Mikumi kama mahali pa kupumzika na kusikiliza kitu kitamu kwa kuwa njia imenyooka na nyumba hakuna. Sikio lililojaa hadithi linachelewesha mguu kwenda kwenye breki, na tani zilizo nyuma yako hazisimami kwa kuombwa. Na mlima Kitonga ni hivyohivyo. Ukitoka kwenye bonde la mibuyu na kuanza kupanda, unatakiwa uisikie injini, uzisikie gia, usikie honi ya anayeshuka kwenye kona. Ukishuka ndiyo zaidi: mtu anayeshuka Kitonga akiwa na spika za masikioni namwona kama mtu aliyefunga jicho moja kwa hiari yake. Huko mbele kuna Mlima Nyoka kabla ya Uyole, kuna miteremko ya Iwambi na Senjele. Kote huko kimya. Ratiba yangu ina vipande vya kimya vilivyoandikwa kama vipindi vingine, na kijana wangu utingo anajua kwamba kwenye vipande hivyo hata yeye anavua spika masikioni, awe jicho langu la pili.

Katikati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni joto linaleta usingizi, na hapo kipindi cha mtu mmoja anayesoma kwa sauti ya upole ni hatari. Tunaweka mjadala, wa mpira au wa siasa, kitu cha kubishana nacho. Utingo ndiye anayechagua, kwa sababu ana miaka ishirini na kitu na yeye pia safari ni yake. Amekuwa hodari wa kukadiria. Juzi namwambia weka ile ya usajili, ananijibu, "Hiyo fupi, mzee, haitufikishi kwenye vitunguu," yaani Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu kandokando ya barabara. Akatafuta nyingine ya dakika hamsini, na kweli iliisha tukiwa tunapaki.

Iringa hadi Mafinga ni mahali pa historia, simulizi ndefu, mambo ya kutulia. Ukiingia kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill asubuhi kuna ukungu. Ukungu ukiwepo, kipindi kinakatwa bila mjadala. Baada ya Igawa nchi inakuwa tambarare na ninasikiliza mambo ya shamba, kwa kuwa nina mahindi upande wa Njombe na viwavijeshi vamizi wametusumbua tangu walipoingia nchini mwaka 2017. Kuna mkusanyiko wa Access Agriculture, video za wakulima wenyewe wakionyesha wanavyofanya, zimetafsiriwa kwa lugha nyingi na Kiswahili kimo. Kinachonifurahisha ni kwamba sauti inaweza kupakuliwa peke yake. Nasikiliza sauti njiani, nikifika ninapolala naangalia picha ya lile jani walilolizungumzia.

Kuhusu video sina maneno mengi: gari likitembea, video haipo. Sheria inakataza kushika simu kwenye usukani, na hata isingekataza, mtu hawezi kutazama vitu viwili. Ninaona wenzetu wamepachika simu kwenye dashibodi mechi inachezwa, na abiria wa mabasi wanaopishana nao hawajui. Video zina mahali pake, napo ni kwenye foleni ya Tunduma. Hata baada ya kuwekwa kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, foleni ya malori inaweza kukuweka pale kwa muda mrefu, na muda huo wengi wanaumaliza kwa karata na vinywaji, au kwa klipu fupi za kupandisha kidole mpaka chaji inaisha. Mimi ninaenda na video za ufundi: namna ya kutambua upepo unapovuja kwenye breki, namna ya kukagua kiungio cha kichwa na tela, namna ya kusoma alama za uchakavu wa tairi. Tunazitazama na utingo tukiwa tumepaki, halafu tunashuka tunalala chini ya gari letu wenyewe tukitafuta kile tulichokiona. Dereva akishatafuta mvujo kwa sikio na maji ya sabuni akiwa na video pembeni, hahitaji kuambiwa mara ya pili.

Maandalizi yanafanyika kabla ya safari, nyumbani, kwa bando la usiku ambalo ni nafuu. Wengi hawajui jinsi sauti ilivyo nyepesi. Mazungumzo ya saa nzima yaliyorekodiwa kwa ubora wa 64 kbps ni MB 29 hivi. Kwa 128 kbps ni kama MB 58. Video ya muda huohuo, hata ile ya picha hafifu, inakula mamia ya MB. Kwa hiyo kama mtu anaongea tu na hakuna anachoonyesha, natafuta sauti yake. Tena YouTube ya bure ukizima kioo inanyamaza, na video zilizopakuliwa ndani ya programu nyingine hujifunga simu ikikaa muda mrefu bila mtandao. Faili la MP3 halijifungi. Mimi natumia AntennaPod, programu ya kusikilizia podikasti, ni ya bure, haina matangazo, ina foleni ambayo unapanga vipindi kwa mfuatano unaoutaka, na inaweza kufuta yenyewe kile ulichokwisha kusikiliza. Foleni ile naipanga kwa mfuatano wa barabara, kisha simu inakaa kwenye kishikio chake na siigusi mpaka kituo kinachofuata.

Nina daftari pia. Kijana wangu wa nyumbani alishangaa, "Baba, simu ina kila kitu, daftari la nini?" Nikamwambia programu hizi nazo hufa. Google Podcasts ilifungwa mwaka 2024. Pocket, ambayo watu waliwekea makala na video za kusoma na kutazama baadaye kwa miaka mingi, ilifungwa mwaka 2025. Aliyekuwa hajahamisha orodha yake alibaki hakumbuki hata majina. Daftari langu lina safu tatu: jina la kipindi, dakika zake, na kipande cha barabara. Kitu ambacho siwezi kukiandikia kipande, sikipakui, hata kiwe kizuri namna gani, hata kiwe kimetumwa na shemeji. Na kitu kilichokwenda na kurudi bila kusikilizwa nakifuta nikifika nyumbani.

Mke wangu amechukua mpango huuhuu akaufanya wa nyumbani, na kusema kweli wake ni mzuri kuliko wangu. Yeye hana barabara, ana kazi za nyumba. Unga ukikandwa ni habari. Vyombo vikioshwa ni mawaidha. Binti yetu wa darasa la tano akimaliza kazi za shule anatazama Ubongo Kids, katuni za hisabati na sayansi zilizotengenezwa hapahapa Dar es Salaam tangu 2014, vipande viwili ambavyo mama ameshavichagua, na simu inarudi kabatini. Hakuna kelele za "bado kidogo" kwa sababu mwisho umejulikana kabla ya kuanza. Tumekubaliana pia kipindi kimoja cha wiki tukisikilize sote, mimi nikiwa Iringa na yeye Kimara, na usiku tukipigiana simu tuna cha kuzungumza zaidi ya ada na umeme. Wenzangu ambao ndoa zao zinaishi kwenye simu watanielewa.

Nisisahau usingizi. Kuna imani kwamba podikasti yenye kelele inamfanya dereva aendelee kuendesha usiku kucha. Si kweli. Kati ya saa nane usiku na alfajiri mwili unadai kulala, na sauti haiwezi kulipa deni hilo. Ukiona umesikiliza dakika kumi na hujui wamesema nini, hiyo ndiyo taarifa ya habari yako: tafuta maegesho. Vipindi vyangu vinaishia ninapopaki jioni, na foleni ya usiku haina kitu ndani yake.

Sasa ninyi mnaotengeneza vipindi. Tunawapenda, ndiyo maana tunawaomba. Andikeni dakika na namba ya kipindi kwenye jina lake. "UTASHANGAA ALICHOSEMA" hainisaidii. Sijui ni dakika saba au sabini, sijui ni sehemu ya kwanza au ya nne, sijui kama inafika Ilula. Muziki wa kufungulia usizidi sauti ya mazungumzo mara tatu, maana mkono wa dereva unaondoka kwenye usukani kwenda kupunguza. Msitumie dakika tano za mwanzo kutuomba tubonyeze kengele. Hatuwezi kubonyeza chochote, tunaendesha. Kama kipindi ni cha kuongea, kitoeni na kwa sauti peke yake. Na mnaposema "kama mnavyoona hapa", tafadhali mseme na kinachoonekana, kwa sababu wapo wengi wasioona: dereva, fundi aliye kwenye cherehani, mama aliye jikoni, na ndugu zetu wasioona kabisa.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Zamani magazeti yalichapa ratiba za redio na televisheni, na watu walizikata wakazibandika ukutani. Naomba mtupe kisanduku kidogo toleo la Jumamosi: vipindi vya Kiswahili vya wiki, kila kimoja na dakika zake, mada yake kwa mstari mmoja, na neno la kusema kama kinafaa kusikilizwa bila kutazama. Si lazima viwe vingi. Wengi wetu tunapakia mzigo Jumapili na kuondoka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo kikitoka Jumamosi tutakuwa na usiku mmoja wa kupakua.

Dereva wa masafa marefu,
Kimara, Dar es Salaam